Mondlane: Mwanafunzi aliyehama chuo baada ya mwaka mmoja

OMBACI, ARUA. Kila Juni 24 watu hukusanyika Ombaci, kilomita chache kutoka mjini Arua, kuwakumbuka ndugu zao waliouawa siku hiyo mwaka 1981. Askari wa serikali ya wakati huo walivamia misheni ya Kikatoliki iliyojaa watu waliokimbilia hapo kutafuta usalama. Katika miaka hiyo ya vurugu wakazi wengi wa West Nile walivuka mpaka, wengine wakaingia Zaire upande wa Aru, wengine Sudan upande wa Yei. Watoto waliokuwa wakisoma kwa Kiingereza wakajikuta katika nchi ya Kifaransa au ya Kiarabu. Kila mzazi alikuwa na swali lake: mtoto asubiri turudi nyumbani, aanze upya hapa ugenini, au atafutiwe shule kwingine?

Swali hilo bado lipo, ila leo limevaa nguo nyingine. Mfanyabiashara anayevusha unga na sabuni kutoka Oraba kwenda Kaya, au anayengoja mzigo wake ukaguliwe Vurra, huenda ana mtoto chuo kikuu Kampala, Gulu au hapa Arua katika Chuo Kikuu cha Muni. Mwaka wa kwanza umekwisha. Mtoto anarudi likizo na kusema anataka kuhama. Mzazi anapiga hesabu ya karo ya mwaka mzima, chakula, chumba na nauli, na anajiuliza kama fedha hizo zote zimemwagika. Nyumba nyingi huingia katika ugomvi hapo, kwa sababu mtoto anaongea juu ya maisha yake na mzazi anaongea juu ya mtaji.

Siku moja baada ya kumbukumbu ya Ombaci, Juni 25, Msumbiji husherehekea uhuru wake uliopatikana mwaka 1975. Tarehe hiyohiyo mwaka 1962 chama cha Frelimo kilizaliwa jijini Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza, Dk. Eduardo Mondlane, anakumbukwa kama mpigania uhuru. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi aliyehangaika sana, aliyekaa katika vyuo vikuu viwili bila kumaliza hata kimoja kabla ya kupata shahada yake katika cha tatu. Chuo cha kwanza alifukuzwa. Cha pili alikihama mwenyewe baada ya mwaka mmoja.

Mchungaji wa Gaza

Mondlane alizaliwa Juni 20, 1920, katika kijiji cha Nwajahani, wilaya ya Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu miongoni mwa Watsonga, na alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mpaka alipokaribia miaka 12, kazi ya Eduardo ilikuwa kuchunga mifugo pamoja na ndugu zake. Mama yake ndiye aliyemhimiza aende shule ili aielewe dunia ya wale waliokuwa wakiwatawala.

Alisoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uswisi. Baada ya elimu ya msingi njia ilifungwa. Chini ya Wareno, shule za sekondari zilikuwa za watoto wa Kireno na Waafrika wachache sana waliopewa hadhi ya kuhesabiwa kuwa wamestaarabika. Kijana akaenda shule ya kilimo ya Wamethodisti, akajifunza kulima penye mvua haba, na hapo akaongeza pia Kiingereza. Kwa kijana wa koloni la Ureno, Kiingereza kilikuwa kama hati ya kusafiria. Kilimfungulia mlango wa kuvuka mpaka.

Mwaka 1944, akiwa na miaka 24, alivuka kwenda Transvaal, Afrika Kusini, na kuingia sekondari ya Lemana. Alikaa darasani na wanafunzi wadogo kwake. Mwaka 1948 alisoma kazi za ustawi wa jamii katika Shule ya Jan Hofmeyr, Johannesburg, na mwaka uliofuata akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Alifika wakati mbaya. Chama cha National kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa Mei 1948 na kimeanza kujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria. Mwafrika mgeni katika chuo cha Wazungu hakutakiwa. Mwaka 1949 serikali ilikataa kuhuisha kibali chake cha kukaa nchini. Wanafunzi wenzake na walimu walipinga, haikusaidia kitu. Alirudi Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo, bila shahada na bila chuo. Kosa halikuwa lake, lakini mwaka ulikuwa umepotea.

Huko nyumbani nako hakupumzika. Alishiriki kuanzisha chama cha wanafunzi Waafrika wa sekondari, na polisi wa Kireno wakamkamata na kumhoji. Wakati huo Msumbiji haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Cha kwanza kilianzishwa mwaka 1962. Aliyetaka shahada alilazimika kuondoka nchini.

Mwaka mmoja Lisbon

Katikati ya mwaka 1950 Mondlane aliingia Chuo Kikuu cha Lisbon, Ureno, kwa ufadhili wa Phelps-Stokes Fund, mfuko wa Marekani uliosaidia elimu ya Waafrika. Kwa mtu yeyote aliyetazama kutoka mbali, alikuwa amefika. Alikuwa mji mkuu wa taifa lililoitawala nchi yake. Lugha ya Kireno aliijua. Shahada ya Lisbon ilikuwa na uzito serikalini kuliko shahada yoyote ya kigeni, na ingeweza kumpa kazi nyumbani.

Tena alipata wenzake. Mjini humo alikutana na vijana kutoka makoloni mengine ya Ureno, akiwamo Amílcar Cabral, aliyekuja kuongoza mapambano ya Guinea-Bissau na Cape Verde, na Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola. Alikutana pia na Marcelino dos Santos wa Msumbiji, ambaye baadaye walifanya kazi pamoja ndani ya Frelimo. Kwa kijana mwenye mawazo ya uhuru, hapakuwa na meza bora ya kukaa.

Lakini polisi wa siri wa Salazar walikuwa nyuma yake. Walimfuatilia na kumsumbua kiasi kwamba masomo hayakuwa masomo tena. Hapo ndipo uamuzi ulipomkabili, na mzazi wa leo anaweza kuupima kama anavyopima safari ya biashara.

Kubaki kulikuwa na faida: lugha anayoijua, marafiki, shahada inayokubalika nyumbani. Kuhama kulikuwa na gharama: lugha ya pili, mfumo mgeni wa elimu, bahari kati yake na Afrika, na umri. Alikuwa anaelekea miaka 31. Wengi wa umri wake walikuwa wameshamaliza shule, wameoa na wana watoto. Kuanza upya kwa mara nyingine kungeweza kuonekana ni kutangatanga.

Mondlane aliomba ufadhili wake uhamishiwe Marekani, na mfuko ukakubali. Hapa pana jambo ambalo wengi huruka. Hakuondoka Lisbon kwa hasira kisha akaanza kutafuta nani wa kumlipia. Alihama na fedha zake. Mfanyabiashara yeyote anajua tofauti kati ya kuhamisha duka ukiwa umeshalipia chumba kipya, na kufunga duka kisha kuzunguka na bidhaa kichwani.

Ni haki pia kumtaja aliyebaki. Agostinho Neto alikuwa akisomea udaktari. Alifungwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya siasa, masomo yake yakakatika, lakini hakuhamia nchi nyingine. Alihitimu mwaka 1958. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, wote wawili walikuwa sahihi, na sababu moja ni aina ya masomo waliyochukua. Udaktari ni mzigo mzito kuuvusha njiani, kwa kuwa chuo kipya mara nyingi kitataka uanze tena. Masomo ya jamii, aliyokuwa nayo Mondlane, huvuka mpaka kwa urahisi zaidi.

Oberlin: miaka miwili badala ya minne

Mwaka 1951 Mondlane aliingia Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio. Kilikuwa chuo kidogo katika mji mdogo, lakini chenye historia: kilianza kupokea wanafunzi weusi tangu mwaka 1835, miaka 30 kabla ya utumwa kukomeshwa Marekani. Baada ya Johannesburg na Lisbon, alipata mahali ambapo angeweza kufungua kitabu bila kuangalia mlango.

Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida huchukua miaka minne. Mondlane alipata yake, ya anthropolojia na sosholojia, mwaka 1953. Miaka miwili tu. Maana yake ni kwamba aliyoyasoma Afrika Kusini na Ureno hayakutupwa. Yale yaliyoonekana kuwa hasara, Witwatersrand alikofukuzwa na Lisbon alikokimbia, yalihesabiwa.

Aliendelea Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, na kupata udaktari wa falsafa mwaka 1960. Katika mwaka wake wa kwanza Marekani alikutana kwenye kambi ya vijana wa kanisa huko Wisconsin na Janet Rae Johnson, Mmarekani mweupe. Walioana mwaka 1956, wakati ndoa ya namna hiyo ilikuwa bado imekatazwa kisheria katika majimbo mengi ya Marekani.

Tangu mwaka 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa, New York, katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini kama Tanganyika na Kameruni. Mwaka 1961 alitumwa Kameruni kwenye kura ya maoni, kisha akapita nyumbani Msumbiji. Akiwa na kinga ya Umoja wa Mataifa, Wareno hawakuweza kumgusa. Aliona hali ya watu wake kwa macho yake, akarudi Marekani, akaacha kazi hiyo na kuanza kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Mshahara ulikuwapo, nyumba ilikuwapo, familia ilikuwapo. Angeweza kuishia hapo.

Kurudi Dar es Salaam

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Dar es Salaam ikawa kituo cha wapigania uhuru wa kusini. Wananchi wa Msumbiji walikuwa na vyama vitatu vilivyoanzishwa nje ya nchi yao. Kimoja, MANU, kilikuwa na mizizi kwa Wamakonde na wafanyakazi wengine wa Msumbiji waliokuwa wakitafuta riziki Tanganyika na Kenya. Wengine walikuwa katika Rhodesia na Nyasaland. Kwa maneno mengine, watu waliovuka mipaka kutafuta kazi ndio walioanza kujipanga.

Juni 25, 1962, vyama hivyo viliungana kuwa Frelimo, na Mondlane akachaguliwa rais. Mwaka 1963 aliacha kufundisha Syracuse na kuhamia Dar es Salaam pamoja na familia yake. Mwalimu Nyerere aliwapa nafasi na ulinzi. Septemba 25, 1964, vita vya silaha vilianza Chai, mkoa wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Moja ya kazi za kwanza ilikuwa shule. Taasisi ya Msumbiji ilifunguliwa Kurasini, Dar es Salaam, ikiongozwa na Janet, ili vijana waliokimbia wapate sekondari waliyonyimwa nyumbani. Mondlane alijua kwa nini. Yeye mwenyewe alifika sekondari akiwa na miaka 24.

Wanafunzi walipomgeuka

Miaka michache baadaye swali la Lisbon lilirudi, na safari hii yeye ndiye aliyekaa kiti cha mzazi.

Frelimo ilitaka wanafunzi wake wakatishe masomo kwa muda kwenda kulitumikia taifa vitani, na wale waliokuwa wamepata ufadhili ng'ambo warudi baada ya shahada ya kwanza. Baadhi ya wanafunzi hawakutaka. Walitaka kutoka Kurasini kwenda vyuo vya Ulaya na Marekani, na waliokuwa huko walitaka kuendelea mpaka udaktari. Jibu lao kwa kiongozi lilikuwa gumu kulipinga: yeye alikaa Marekani zaidi ya miaka 10 na kurudi na udaktari, kwa nini wao wazuiwe?

Mgogoro ulichanganyika na ukabila, ugomvi wa lugha ya kufundishia na ushindani wa viongozi. Machi 1968 fujo zilizuka katika taasisi hiyo na shule ikafungwa. Mondlane, aliyekuwa na subira ya mwalimu kuliko ukali wa kamanda, aliumizwa na jambo hilo. Julai mwaka huo mkutano mkuu wa pili wa Frelimo ulifanyika ndani ya Msumbiji, mkoa wa Niassa, naye akachaguliwa tena, lakini mpasuko haukuziba.

Ni rahisi kusema alikuwa na vipimo viwili. Hoja ya wanafunzi ilikuwa na ukweli. Wakati huohuo kulikuwa na tofauti moja: alipohama Lisbon hakuwa na nchi iliyomtuma wala wapiganaji waliokuwa wakimngoja. Wao walisomeshwa kwa jasho la wengine, na wenzao wa rika moja walikuwa wakifa msituni. Mzazi anayemlipia mtoto mmoja karo kwa kuwaambia wadogo zake wasubiri anaielewa hoja ya Mondlane. Mtoto anayeona mlango wazi mbele yake anaielewa hoja ya wanafunzi. Hakuna aliyepata jibu la kuwaridhisha wote.

Februari 3, 1969, Mondlane alipokea kifurushi cha kitabu kilichotumwa kwa posta. Alikifungua katika nyumba ya rafiki wa familia, karibu na ufukwe wa Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na bomu. Alifariki papo hapo akiwa na miaka 48. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, na baada ya uhuru mabaki yake yalirudishwa Msumbiji. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo, katika nchi ambayo haikuwa na chuo alipokuwa kijana, kilipewa jina lake.

Kwa mzazi wa Oraba na Vurra

Zamani kuvuka mpaka kwa ajili ya chuo kulikuwa jambo la kawaida kwetu. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mganda aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, Mkenya aliyetaka udaktari alikuja Makerere, na Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Mei 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, lengo likiwa masomo na vyeti vya nchi moja vitambulike katika nyingine. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, ndilo linaloisimamia kazi hiyo. Sasa Sudan Kusini na Kongo nazo ni wanachama, kwa hiyo jambo hili linagusa moja kwa moja familia za Koboko, Yei, Arua na Aru.

Lakini tangazo la wakuu ni kama bei ya jumla iliyotangazwa redioni. Bei halisi unaipata dukani. Mtoto anapotaka kuhama, maisha ya Mondlane yanampa mzazi maswali manne ya kuuliza kabla ya kukasirika.

Kwanza, kinachomtoa ni nini? Mondlane hakuhama kwa sababu somo lilikuwa gumu au mji haukumpendeza. Alihama mahali palipofanya kusoma kusiwezekane. Ugumu wa mwaka wa kwanza mara nyingi hupita wenyewe, na ukihama nao utaukuta chuo cha pili.

Pili, fedha zinahama naye? Kama kuna mfadhili, aulizwe kabla, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Tatu, masomo ya mwaka uliopita yatahesabiwa? Chuo kipya kitoe barua inayoonyesha ni masomo yapi kimeyapokea na mtoto ataanza mwaka upi. Bila barua hiyo ni sawa na kuvusha mzigo bila stakabadhi. Kama anasomea udaktari au fani nyingine yenye masharti makali, hapo ndipo pa kuuliza mara mbili.

Nne, atarudi kwa nani? Hili halina barua wala muhuri. Linazungumzwa nyumbani, mtoto na mzazi wakiwa wamekaa, na wadogo zake wanaosubiri zamu yao ya karo wakiwa wanasikiliza.